Nunua Machi, Ili Aprili Usiende Sokoni na Njaa

Kila mwaka ikifika katikati ya Machi, soko la wachezaji huru (waliomaliza mikataba) wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, likishafunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa jamaa waliotapakaa huku Marekani: "Umeona tumemsajili nani? Mwaka huu ni wetu." Nawaelewa. Wengi wetu tumekulia kwenye Simba na Yanga, ambako dirisha la usajili ni sikukuu na mwenye mfuko mnene ndiye mwenye kauli. Lakini futiboli ya Kimarekani ina mambo mawili ambayo Ligi Kuu yetu haina. Kuna drafti, ambapo aliyeshika mkia ndiye anayetangulia kuchagua chipukizi wa vyuo vikuu. Halafu kuna ukomo wa mishahara unaozibana timu zote 32. Mwaka 2024 ukomo huo ulikuwa dola milioni 255.4. Utajiri wa mwenye timu unasaidia, ila haununui ubingwa.

Mimi naishi Philadelphia, naishabikia Eagles, na kazini tuna ligi yetu ya fantasi, mchezo wa kuunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi, ile ya kubaki na wachezaji wako mwaka hadi mwaka ndani ya bajeti. Basi ushauri huu ni wa shabiki aliyeumia na wa "meneja" wa ligi ya kazini kwa pamoja.

Anza na mwaka 2011, maana mtu wa Philadelphia hawezi kuukwepa. Timu ilimchukua Nnamdi Asomugha, beki aliyekuwa akiogopwa ligi nzima, kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 60. Wakaja Jason Babin, Cullen Jenkins, Ronnie Brown. Akaja na Vince Young kuwa kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) wa akiba, na ni yeye aliyetoa lile jina la Dream Team, Timu ya Ndoto, ambalo mji mzima ulilibeba kichwani. Msimu ukaisha kwa kushinda mechi 8 na kupoteza 8. Uliofuata, 4 kwa 12, na kocha Andy Reid akaonyeshwa mlango baada ya misimu 14.

Watu husema walisajili wachezaji wabovu. Si kweli. Asomugha alikuwa mchezaji wa kweli, lakini sifa yake aliijenga kwenye timu yake ya awali, Oakland, akisimama upande mmoja na kumganda mtu wake mmoja. Hapa Philadelphia akahamishwahamishwa uwanjani, chini ya mwalimu wa ulinzi ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifundisha safu ya mbele ya ushambuliaji, wale wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia mkimbiaji njia. Sokoni unalipia alichokifanya mtu kwingine, ndani ya mfumo wa wengine, akizungukwa na wengine. Bei inakuja nzima. Mazingira yaliyompandisha yanabaki kule alikotoka. Ndiyo maana mimi nikisikia jina kubwa, swali langu la kwanza huwa: huko alikotoka alikuwa akifanya kazi gani hasa, na hapa atapewa kazi ileile?

Sasa drafti. Wengi hudhani thamani yake ni kupata vijana wenye vipaji. Thamani yake hasa ni bei. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha mpira hata mmoja katika NFL. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakaandika makubaliano mapya, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akasaini miaka minne kwa milioni 22 tu. Tangu hapo, kijana akiwa mzuri, una miaka minne ya kumtumia kwa bei ya chee, na wa raundi ya kwanza unaweza kumwongezea wa tano. Hapo ndipo fedha za soko zinapotoka. Seattle walimpata kwotabeki Russell Wilson raundi ya tatu mwaka 2012, akiwa chaguo la 75, na mshahara wake wa mwaka haukufika dola milioni moja. Ndiyo maana Machi 2013 waliweza kuwaleta Michael Bennett na Cliff Avril kwa ajili ya kumsumbua kwotabeki wa wenzao. Februari 2014 wakaifumua Denver 43 kwa 8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi.

Ila usije ukaniambia drafti ni sayansi. Mwaka 2020 Eagles walimchagua Jalen Reagor nafasi ya 21. Nafasi ya 22 Minnesota wakamchukua Justin Jefferson, aliyekuja kuwa nyota wa ligi, na sihitaji kueleza zaidi, bado inauma. Kesho yake, walewale, katika ofisi ileile, wakamchagua Jalen Hurts nafasi ya 53, wakati tayari walikuwa na Carson Wentz mwenye mkataba mnono mpya. Kazini kwetu watu walitukana waziwazi: kwotabeki wa nini, wakati tuna matundu kila mahali? Hurts huyo ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa Super Bowl ya Februari 2025. Watu walewale, ndani ya siku mbili, walikosea parefu na wakapatia pakubwa. Nilichokishika mimi ni kwamba hakuna mwenye jicho la ajabu, kwa hiyo tafuta nafasi nyingi za kuchagua. Ukiwa na karata kumi unaweza kuchoma nne na bado ukaishi.

Nafasi hizo hupatikana hata kwa kutonunua. Ligi ina kanuni ya fidia: ukiondokewa na wachezaji huru wengi kuliko uliosajili, mwaka unaofuata unaweza kupewa nafasi za ziada kati ya raundi ya tatu na ya saba. Mchezaji aliyekatwa na timu yake kabla mkataba haujaisha haingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo mtazame kwanza aliyekatwa. Humlipii mara mbili, kwa fedha na kwa nafasi ya drafti. Mashabiki wengi huona mambo haya ni ya makarani, lakini Tom Brady, kwotabeki ambaye wengi humwita bora kuliko wote, chaguo la 199 mwaka 2000, alichukuliwa kwa nafasi ya fidia.

Hapa ndipo ulipo ushauri wangu mkubwa. Soko linafunguliwa Machi, drafti inakuja mwishoni mwa Aprili. Mpangilio huo wa kalenda ni zawadi, na timu nyingi huitupa. Ukifika Aprili huna mlinzi wa katikati hata mmoja, utamchagua mlinzi wa katikati hata kama mezani kaachwa mtu bora mara mbili. Aliyeingia sokoni na njaa hachagui nyanya, anabeba zilizopo. Kazi ya Machi ni kuziba matundu kwa watu wa kawaida, wa mwaka mmoja au miwili, bei ndogo, ili Aprili umchukue aliye bora bila kujali anacheza wapi.

Eagles wa 2024 nawapenda kwa sababu hiyo. Waliotazama kwa mbali husema ubingwa ulinunuliwa pale mkimbiaji Saquon Barkley alipotoka New York Giants akakimbia na mpira yadi 2,005 msimu huo. Sawa, alikimbia. Lakini alikimbia nyuma ya nani? Lane Johnson alichaguliwa 2013. Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga, alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2018. Landon Dickerson na Cam Jurgens, raundi ya pili, 2021 na 2022. Wanne kati ya watano wa safu ile walilelewa nyumbani. Wa tano, Mekhi Becton, aliokotwa sokoni kwa bei ndogo. Giants walimtumia Barkley nafasi ya pili ya drafti ya 2018 bila kuwa na safu ya mbele. Philadelphia walijenga safu kwanza, mkimbiaji akaja mwisho.

Machi hiyohiyo ya 2024 Eagles walimpa Bryce Huff mkataba wa milioni 51 kwa miaka mitatu, na Zack Baun mwaka mmoja kwa milioni 3.5. Huff hakufua dafu, 2025 akapelekwa San Francisco. Baun akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Wangeelekeza fedha zote kwa wa milioni 51 tu, leo tungekuwa tunasimulia 2011 nyingine.

Kwenye ligi ya kazini nafuata njia hiyo. Siku ya kwanza ya mnada sishindani na mtu. Wenzangu hufukuzana kwa majina makubwa hadi bajeti zinakauka, na jioni waliobaki huuzwa kama samaki wa mchana. Vijana wangu wa mwaka wa pili na wa tatu siwaachii, hata mtu akinililia.

Kuna mahali pamoja ambapo nakubali kuvunja benki, nako ni kwotabeki mkongwe aliyethibitika. Brady alikwenda Tampa Bay Machi 2020 na Februari 2021 akabeba kombe, 31 kwa 9 dhidi ya Kansas City. Lakini aliwakuta Mike Evans, Chris Godwin, Lavonte David na Devin White, wote zao la drafti ya Tampa. Aprili ileile wakaongezewa Tristan Wirfs na Antoine Winfield Jr., kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo jamaa akinitumia ujumbe Machi ijayo kwamba timu yake inamtaka kwotabeki wa miaka 36, nitamwomba kwanza anitajie wachezaji sita wa kikosi cha kwanza ambao timu hiyo iliwachagua yenyewe. Akikwama kwa wa tatu, fedha hizo wazitumie kwenye safu ya mbele.