Kostime nyeusi inageuka kahawia ku jua: ninunue filta gani?

SWALI: Mukubwa, tulipiga klipu ya kwaya kando ya ziwa saa sita mchana. Kamera yangu haina ND ndani (filta ya giza yenye kupunguza mwanga), njo nikaweka vari-ND, ile unazungusha kubadilisha giza, ku lensi juu nilitaka diafragma (tundu la lensi, namba ndogo ni wazi zaidi) ibaki 2.8. Kurudi nyumbani, kostime nyeusi zimekuwa kama chokoleti, zingine zinaelekea zambarau. Muuzaji mumoja ananiambia ninunue ND 1.8 yoyote yenye wameandika IR (infraruji, mwanga wenye macho haioni), mwingine anasema nitafute kioo chenye kurudisha infraruji niweke mbele ya hiyo vari-ND. Mutu wa montaji anasema nisisumbuke, atazirudisha nyeusi. Nifanye namna gani? Kijana wa Himbi, Goma.

JIBU: Mudogo wangu, acha nianze na huyo wa montaji, juu yeye njo ananiumiza kichwa kuliko wauzaji wote wawili. Kila wiki niko naletewa picha kama yako na kila mara kuna mutu amesha kuahidi "tutarekebisha ku etalonaji", ni kusema kurekebisha rangi kisha kupiga. Apana. Angalia vizuri ile picha umenitumia, mwimbaji wa tatu toka kushoto: koti lake kahawia, kravati yake iliyo juu ya hilo koti nyeusi kabisa, na ukuta wa mawe ya volkano nyuma yake nao mweusi. Jua ni moja, kamera moja, sekunde moja, na nyeusi tatu hazifanani. Sasa aniambie, anazungusha kitufe gani chenye kugusa koti peke yake? Akivuta nyekundu mu sehemu za giza ili koti litulie, nywele na kravati zinaenda kijani, nyuso zinakufa, migomba nyuma inageuka ingine.

Ile kahawia haikukaa juu ya picha nzima kama moshi ya makala. Inatoka mu kitambaa. Rangi nyeusi ya poliesta nyingi inameza mwanga wenye macho inaona lakini infraruji inairudisha, karibu kama kitambaa cheupe, na kila fundi ananunua kitambaa chake sokoni njo maana waimbaji wako kila mumoja na kahawia yake. Jicho letu linaishia karibu nanometa 700, silikoni ya sensa (kipande cha kamera chenye kupokea picha) inaendelea kuona mpaka karibu 1100. Ni kweli mbele ya sensa kuna kioo chenye kukata IR, lakini hakikati kama kisu, pale pembeni ya 700 kinaacha kidogo ipite na sensa inaiandika kama nyekundu. Ikisha kuandikwa ni nyekundu tu, hakuna programu itakayojua hii ilitoka ku midomo na hii ilitoka ku IR.

Bila filta hiyo kidogo hauioni. Sasa piga hesabu: ND 1.8 ni stopu 6 (kila stopu inagawa mwanga kwa mbili), inaacha 1/64 ya mwanga, wewe unafungua diafragma kwa stopu 6 ili picha irudi sawa, na kama hiyo filta inaacha IR ipite yote basi IR imeongezeka mara 64 mbele ya mwanga wa kawaida. Haya malalamiko ni ya zamani, tangu kamera RED One ya 2007 watu walikuwa wanalia na mavazi meusi, si ugonjwa wa kamera yako peke yake.

Na vari-ND njo mbaya zaidi. Ndani yake ni polarizaa mbili (filta zenye kupitisha mwanga wa mwelekeo mumoja tu) zinapingana, na zile karatasi za polarizaa zimetengenezwa kwa mwanga wa macho, zikifika ku IR zinachoka, zinaacha ipite. Kwa hiyo kadiri unazungusha iwe giza, kadiri kahawia inapanda. Kuweka kioo cha kurudisha IR mbele yake kutapunguza, sikatai, lakini kile kioo kinafanya kazi kama mwanga unaingia wima. Ukiweka lensi pana (yenye kuona eneo kubwa), mwanga wa pembeni unaingia kwa mshazari na pembe za picha zinaenda kijani-samawati. Tena vioo viwili vinatazamana, taa ya gari usiku utaiona mara mbili.

Kuhusu "ND yoyote yenye wameandika IR", herufi mbili hazigharimu kitu kuzichapa. Kuna filta zenye rangi ndani ya kioo inayomeza nyekundu ya mwisho pamoja na IR. Hizo hazina shida ya lensi pana lakini zinaacha kijani, lazima upige balansi ya nyeupe (kuonyesha kamera nyeupe ni ipi) upya kila ukiibadilisha, na ku kamera ambayo tayari inakata IR kwa nguvu ile kijani inazidi. Ukipanga mbili moja juu ya ingine unaongeza kijani mara mbili bure. Kisha kuna zile za aina ya pili, wanapaka kioo utando mwembamba wa metali, zinapunguza mwanga na IR kwa kipimo kimoja, Firecrest ya Formatt Hitech ni mufano. Hizo njo ningekushauri, juu hazichagui kamera, kesho ukikodisha ingine zinafuata, na unaweza kuzipanga.

Namba gani? Kwa jua la saa sita, ISO 400 (kiasi kamera inasikia mwanga) na 1/50 ya sekunde, bila filta ungehitaji diafragma karibu 45, yenye lensi yako haina. Toka pale mpaka 2.8 ni stopu 8, yaani ND 2.4. Nunua 0.6 na 1.8: utakuwa na 2, 6, na zikiwa pamoja 8. Chukua za milimita 82 na pete za kupunguzia, lensi ndogo zote zitaingia. Kama unapendelea kukodisha kamera yenye ND ndani, Pocket 6K Pro ya Blackmagic iko na stopu 2, 4 na 6 zenye kukata IR tayari. Lakini usiongeze ND ya kawaida mbele yake, utarudi palepale.

Sasa mbele ya kulipa, jaribu, na usijaribie mu duka! Taa za LED karibu hazitoi IR, chini yake filta ya uongo na ya kweli ni mapacha, muuzaji anakuonyesha nyeusi nzuri unalipa, unatoka inje, chokoleti. Na ule mchezo wa remoti ya televisheni, wa kuangalia kama ile taa yake inaonekana mu kamera, wauacheni jamani. Remoti inawaka karibu nanometa 940, na shida yenu iko pale pembeni ya 700. Toka ku jua na nguo nyeusi tatu nne za vitambaa tofauti, piga bila filta diafragma imefungwa, kisha na filta imefunguliwa, balansi upya kila mara, linganisha. Kuna wenye wananiletea kioo cha kuchomelea vyuma eti nacho kinazuia IR. Kinazuia, ndiyo, na kinakuachia picha ya kijani ya chupa na nyuso zimepinda.

Kwa klipu hii ya kwaya kuna njia moja: maski (kuchora mpaka wa sehemu ya kurekebisha) ku kila koti, ku kila plani, kufuata mutu anavyocheza, kisha unatoa rangi, itabaki kijivu cheusi chenye kuvumilika. Waimbaji ni 18 nimehesabu. Muulize mutu wako wa montaji bei mbele aanze, na akuandikie ku karatasi.