Rafiki Akikuomba Upige Muziki Kwenye Pati Yake

Rafiki yangu aliniomba nipige muziki kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, nyumbani kwake, zikiwa zimebaki wiki tatu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na kontrola ndogo ya kujifunzia, yaani kile kifaa cha DJ cha kuchanganyia nyimbo kinachounganishwa na kompyuta, nilishamaliza miezi kadhaa chumbani nikichanganya nyimbo peke yangu, na nilijiona nimeiva. Wiki zote tatu nikazimalizia kwenye jambo moja tu: kuuingiza wimbo ndani ya mwenzake bila mtu kuhisi.

Siku yenyewe, saa moja kabla ya wageni kufika, nikagundua kwamba tundu la hedifoni kwenye kontrola ni lile kubwa la milimita 6.35 na pini ya hedifoni zangu ni ile ndogo ya 3.5. Kiadapta kinachoziunganisha, kitu kisichozidi kidole kwa ukubwa, nilikuwa nimekiacha mezani chumbani. Usiku ule nikapiga muziki kwa muda wa saa nne bila kusikia wimbo unaofuata kabla haujatoka kwenye spika.

Sasa sikia maajabu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamikia michanganyo yangu, ingawa mingine ilikuwa kama sufuria zimeanguka jikoni. Walilalamika kwamba mwanzoni hawakuweza kuongea kwa kelele. Walilalamika kwamba nyimbo nzuri ziliisha mapema. Mmoja akaniuliza kwa nini spika zilikuwa zinalia “tirin” kila baada ya dakika kumi; kumbe ni ujumbe ulikuwa unaingia kwenye kompyuta yangu, na mimi kwa kiherehere sikuwa nimezima taarifa. Yote waliyoyaona wageni ni mambo ambayo sikuyafanyia maandalizi hata ya dakika tano. Kwa hiyo hapa nitaongea zaidi kuhusu hayo, na kuchanganya nyimbo nitakugusia tu.

Anza na mwenye sherehe. Usimuulize “unapenda muziki gani?” maana atakujibu “wowote tu”, na jibu hilo halina msaada. Muulize wanakuja watu wangapi, wa umri gani, wanafahamiana au ndio wanakutana. Muulize kama kuna watoto na wazee, kwa sababu hilo ndilo litakalokuambia matoleo ya nyimbo yenye matusi uyaache nyumbani. Muulize sherehe inaanza saa ngapi kwa kweli, siyo ile ya kwenye mwaliko, na muziki unatakiwa uzimwe saa ngapi. Halafu mwombe nyimbo tano ambazo lazima azisikie usiku huo na tatu ambazo hataki kuzisikia kabisa. Hizo tatu ni muhimu kuliko zile tano. Unaweza kupiga kwa furaha wimbo unaomkumbusha mtu aliyeachana naye mwezi uliopita, na ukashangaa kwa nini mwenye nyumba kahamia jikoni.

Kisha nenda ukaione nyumba kabla ya siku. Nilidhani ni kujikweza, eti DJ wa sebuleni anaenda kukagua ukumbi. Lakini dakika ishirini zinatosha kujua soketi ziko wapi, meza utaweka wapi, spika ni za aina gani na zinapokea waya gani. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. Kontrola nyingi ndogo hutoa sauti kwa waya wa pini mbili, nyekundu na nyeupe. Spika kubwa mara nyingi hupokea pini nene au ile ya matundu matatu. Spika ya nyumbani huenda ikawa na tundu dogo tu kama la simu. Piga picha nyuma ya spika, kisha tafuta waya unaoanzia kwako na kuishia pale. Bora zaidi, chukua kontrola uende nayo na ujaribu kabisa. Ukisikia mvumo wa kuendelea hata wimbo ukiwa umesimama, chomoa chaja ya kompyuta kidogo uone kama unaisha. Mara nyingi chanzo ni hicho, na kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja husaidia.

Spika za Bluetooth ziache kama kuna njia nyingine. Sauti yake huchelewa, na hata kama ni sehemu ya kumi au ya tano ya sekunde, inatosha kukuvuruga: mkono wako unabonyeza sasa, masikio yanasikia baadaye. Kwa kupiga orodha iliyopangwa tayari haina neno. Kwa kuchanganya mubashara utateseka.

Na kama huna kontrola, usikatae kazi. Kompyuta na programu ya DJ inatosha kuanzia. Zipo nyaya za kugawa sauti ambazo hupeleka upande mmoja kwenye spika na mwingine kwenye hedifoni, ili usikie wimbo ujao kabla ya wengine. Hasara yake ni kwamba sauti inayotoka haina tena kushoto na kulia. Sijawahi kumwona mtu aliyeacha kucheza kwa sababu hiyo.

Kuhusu nyimbo zenyewe, fanya hesabu. Ukiupa kila wimbo dakika tatu, saa moja inakula nyimbo ishirini, na sherehe ya saa nne inakula themanini. Mimi nilienda na nyimbo zaidi ya 900 nikidhani wingi ni usalama. Nilizama humo. Wimbo ninaoutaka naujua, naukumbuka hadi jalada lake, lakini nautafuta huku ule unaopigwa umebakiza sekunde ishirini. Siku hizi sizidishi 200, na zote nimezisikiliza mwanzo hadi mwisho, maana kuna wimbo unaoujua kiitikio tu halafu katikati una dakika nzima ya mtu anaongea.

Ziwe ndani ya kompyuta au flashi, zimepakuliwa. Usitegemee intaneti ya nyumba ya watu ambayo wageni thelathini wote wanaigombania. Kama ni MP3, tafuta za kilobiti 320 kwa sekunde. Ile ya 128 kwenye simu husikika sawa tu, ila ukiipandisha kwenye spika kubwa inakuwa kavu, matoazi yanasikika kama maji yanamwagika. Ukitumia flashi kwenye mashine ya mtu mwingine, hakikisha iko kwenye mfumo wa FAT32, ndio unaokubaliwa na mashine nyingi. Na beba flashi mbili. Mimi hubeba mbili na bado naweka mchanganyiko wa saa nzima kwenye simu. Kompyuta ikiganda, unahamisha waya kwenye simu, unatabasamu, watu wanaendelea. Mchanganyiko huo pia ndio utakaokupa nafasi ya kwenda msalani, jambo ambalo hakuna mtu aliyenifundisha.

Nyimbo zako usizipange kwa majina ya wasanii wala kwa aina ya muziki peke yake. Zipange kwa kazi zinazofanya. Mimi nina mafungu manne: za kupokea wageni, za kuwaamsha, za moto, na za kuwapoza. Fungu la kwanza ndilo ninalolihangaikia zaidi, na ndilo nililolidharau kabisa mara ya kwanza.

Saa ya kwanza ya sherehe ya nyumbani ni ngumu kuliko zote. Watu wanaingia wawili wawili, wanasalimiana, wanatafuta pa kuweka mikoba, wanasimama karibu na ukuta. Hakuna anayecheza. Wewe uko nyuma ya meza umevaa hedifoni na unahisi kila jicho linakuuliza “vipi?” Basi unapata hofu, unatoa wimbo wako mkali kuliko wote. Hawachezi. Unatoa wa pili, na sauti unaipandisha. Bado. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa nimeshamaliza silaha zangu zote mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa wanajaribu kusalimiana. Saa nne na nusu, sebule imejaa, viatu vimeshavuliwa, watu wanataka kucheza kweli, na mimi sina kitu. Naanza kurudia nyimbo zilezile, na wanajua kwamba narudia.

Kutocheza kwao saa ya kwanza si hukumu juu yako. Wape muziki wenye mdundo wa kutikisa kichwa, sauti ya chini kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuongea bila kuinamiana masikioni. Angalia miguu, usiangalie nyuso. Mtu akianza kugonga mguu huku anaongea, huyo yuko tayari kabla hajajijua. Mabega yakianza kusogea kwa watu watatu, wanne, hapo panda ngazi moja. Ngazi moja tu.

Kuwatazama watu ndio ufundi wenyewe, na una historia. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye chumba cha pamoja cha jengo walimoishi, 1520 Sedgwick Avenue, apate pesa za nguo za shule. Aliyepiga muziki ni kaka yake, DJ Kool Herc, kijana wa miaka 18. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma zikabaki peke yake. Basi akatumia nakala mbili za santuri moja kukirefusha kipande hicho. Watu wengi huhesabu sherehe ile kuwa kuzaliwa kwa hip hop. Ilianza kwa mtu kutazama sakafu ya wachezaji.

Sasa kuchanganya, kwa kifupi kama nilivyoahidi. Muziki mwingi wa kucheza huenda kwa mapigo manne manne, na mabadiliko huja kila baada ya mapigo 32 au zaidi. Hesabu hadi 32, anzisha wimbo mpya panapoanza fungu jipya la mapigo, na tayari umewazidi wengi. Besi mbili zisilie kwa pamoja: punguza ya wimbo mmoja kabla ya kuingiza ya mwingine. Usilazimishe kuoanisha vitu vilivyo mbali. Hip hop nyingi ziko kati ya mapigo 85 na 100 kwa dakika, muziki wa house unazungukia 120 hadi 128. Ukivuta mmoja umfikie mwingine, mwimbaji anakuwa katuni. Acha wimbo ufike mwisho wa kiitikio, kata, anzisha mwingine kwa nguvu. Mkato safi ni bora kuliko mchanganyiko wa kuburuza.

Weka alama mahali pa kuingilia kwenye kila wimbo siku kadhaa kabla. Programu nyingi za DJ zina kitufe cha kazi hiyo. Grandmaster Flash, DJ wa enzi za mwanzo za hip hop, alichora alama kwa kalamu ya rangi juu ya santuri zake. Wewe unabonyeza tu, huna kisingizio.

Kuhusu ukubwa wa sauti, wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na kwa spika hiyo si methali. Taa nyekundu kwenye kontrola zikiwaka mfululizo, maana yake sauti imezidi uwezo wa kifaa na vilele vyake vinakatwa. Ndiyo ile sauti ya kukoroma, na huunguza spika ndogo za sauti za juu. Watu wakitaka zaidi, shusha kwenye kontrola hadi taa zirudi kijani, kisha pandisha kwenye spika. Spika ikikataa, basi hiyo ndiyo sauti ya usiku huo.

Usikae kati ya spika na ukuta. Kipimo kinachotumika sana cha usalama wa masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hupungua nusu. Kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15. Wageni hutoka nje kupunga upepo, wewe hutoki. Kwa upande wa majirani, kinachowafikia kitandani ni besi, kwa hiyo usisukume spika kwenye kona, maana kona huikuza, wala usiziegemeze kwenye ukuta mnaochangia. Wakilalamika, punguza besi kwanza kabla ya kushusha kila kitu. Mara nyingi sebuleni hakuna atakayegundua.

Halafu kuna maombi. “Dijei, niwekee ule wimbo.” Upi? “Ule.” Atakuimbia vibaya, atakuonyesha simu usoni. Usimkatalie, usimwahidi. Mimi husema “nimekusikia, ngoja nikupangie mahali pake”, na nauandika kweli kwenye karatasi. Ukiufikia baada ya nusu saa, atakuwa rafiki yako wa usiku mzima na atawaburuta wenzake sakafuni. Ila waya wa spika usimpe mtu anayekuomba “wimbo mmoja tu”. Hautarudi. Na vinywaji visiwekwe juu ya meza yako hata na mwenye sherehe mwenyewe. Nilimhamisha bila aibu mara mbili.

Mwisho wa sherehe uupange pia. Kubaliana na rafiki yako wimbo wa kufungia, na nusu saa kabla anza kushuka: mapigo ya taratibu, sauti chini kidogo kidogo, ili watu waanze kutafuta viatu wenyewe. Unapofunga, zima spika kwanza kabla ya kuchomoa chochote, la sivyo zitapiga mshindo wa kumwamsha mtoto wa jirani. Wakati wa kuwasha ni kinyume chake, spika huja mwisho.

Kile kiadapta siku hizi nimekifunga kwa utepe mweusi kwenye waya wa hedifoni, hakitoki hata ukivuta. Rafiki yangu amenialika mara mbili tangu siku ile, na kila nikifika mlangoni ananyoosha mkono kukikagua kabla hajanisalimia.