Hamira haili wanga
Umetia hamira kwenye unga wa muhogo na kokwa za embe ili upate alkoholi (ethanoli), ukashangaa hakuna povu. Hamira hula sukari, si wanga. Pika kwanza unga uwe uji mzito, uache upoe hadi nyuzi 60 hivi za Selsiasi, ndipo utie kimeng'enya cha amilesi (kinachovunja wanga uwe sukari), au kimea cha nafaka kama huna. Uji ukilegea, ujue wanga unavunjika. Ukifika nyuzi 30, tia hamira na ufunike, ila gesi ipate pa kutokea (chombo kisije kikapasuka!). Kokwa zina tanini (kemikali yenye ukakasi) inayodumaza hamira: vunja ganda, saga kiini, kiloweke, mwaga maji. Kukeneka (kuchemsha na kupoza mvuke ili kutenga alkoholi) kwa kawaida hakuvuki asilimia 96 ya alkoholi, na mvuke wa alkoholi unashika moto haraka.