Droo ya hela haiongei na kompyuta, inaongea na printa

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, katengeneza mfumo wa mauzo kwa Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, kwa ajili ya duka la vipodozi Kariakoo, kila kitu kiko poa ila droo ya hela haifunguki na bosi kashaanza kusema bora angenunua mfumo wa kizungu. Hiyo kauli naijua. Mimi niliambiwa hivyo hivyo na mwenye duka mmoja pale Msimbazi, mbele ya makeshia wake, na mpaka leo inaniuma, maana stoo yake yote ilikuwa inaendeshwa na mfumo wangu na yeye alichokiona ni droo tu. Leo droo inafunguka na mfumo bado uko pale pale.

Sasa sikilizeni wadau. Droo nyingi hazichomekwi kwenye kompyuta, ule waya wenye kichwa kama cha simu ya mezani unachomekwa nyuma ya printa ya risiti, kwenye tundu la droo, mara nyingi limeandikwa DK, na printa ndo inapiga umeme wa kuachia loki, kwa printa nyingi ni volti 24. Usije ukauchomeka kwenye laini ya simu. Kazi ya programu yako ni kuiambia printa tu, na kama inaelewa ESC/POS, yaani lugha ya amri ya printa nyingi za risiti, unaipelekea hizi namba tano: 27, 112, 0, 25, 250. Hiyo 0 ni pini ya 2 ya tundu la droo, ikigoma weka 1, ni pini ya 5.

Kilichonitesa mimi ni Windows. Ukizipitisha hizo namba kwenye ripoti ya kawaida draiva, ile programu inayoiongoza printa, inazichora kama maandishi, unaona risiti inatoka na herufi p na vialama vya ajabu pale chini, droo kimya, foleni inakuangalia. Dawa yake tuma data kama RAW, yaani ghafi bila draiva kuigusa, kupitia winspool, sehemu ya Windows inayoshughulikia printa, kwa amri zake kama OpenPrinter na WritePrinter, au ongeza printa ile ile mara ya pili kwa draiva ya Generic / Text Only.

Kuna draiva zina sehemu ya kufungua droo kila risiti ikitoka. Rahisi, ila mimi siikubali kabisa. Mteja kalipa kwa lipa namba, droo ifunguke ya nini? Mauzo yaingie kwanza kwenye databesi, yakishakaa, na kama ni keshi, ndo utume amri. Na kila ikifunguliwa andika nani, saa ngapi, risiti gani, hata kama ni kuchenji tu. Vijana msikubali kudharauliwa, tajiri akiona hiyo ripoti jioni ataheshimu kazi yako, hela yake inalindwa na wewe.

Na wewe mdogo wangu, kabla hujagusa kodi yoyote ya programu, kaangalie ufunguo wa droo. Ukiwa umegeuzwa kwenye kufunga, hata printa ipige vipi haitoki.