Kumrudisha kijana nyumbani si kumkatia tiketi

Sikukuu ya Krismasi ikikaribia, huwa kuna kanisa au kikundi cha maombi kinachochangishana, kikawanyoa vijana wanaolala mitaani Kariakoo na Feri, Dar es Salaam, kikawavika nguo mpya na kuwapandisha mabasi ya mikoani pale Stendi ya Magufuli, Mbezi. Nia ni njema kabisa. Lakini mara nyingi Januari haiishi kabla hawajarudi maskani zao za mtaani, na safari hii ni wagumu zaidi kusogelewa, maana nyumba imewashinda mara mbili.

Kosa huanzia kwenye mahubiri. Tunapenda kuwasomea mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, kana kwamba wao ndio waliodai urithi wakaenda kuutapanya. Kijana wa miaka 12 aliyekimbia mkanda wa baba wa kambo hajatapanya mali ya mtu. Ukimwambia atubu ndipo arudi, umemthibitishia yale aliyoambiwa nyumbani, kwamba mwenye kosa ni yeye. Mtenda kazi amtazame baba wa mfano ule, aliyemwona mwanawe angali mbali. Nyumba ndiyo ya kuandaliwa kwanza, na kazi hiyo haifanyikii Dar.

Kabla ya hapo sharti ujue anatoka wapi. Nendeni watu wawili, siku zilezile mbili za wiki, saa ileile, bila kamera na bila kugawa hela. Jina la kwanza atakalokupa huenda si lake, na hadithi ya kwanza ni ile aliyozoea kuona inawaridhisha wageni. Usimbishie, na usiandike mbele yake. Uliza vitu vidogo: walilima nini, maji walichota wapi, mwalimu wa darasa la pili aliitwa nani, ukishuka kwenye basi unatembea kuelekea mlimani au mtoni. Kijana anayeficha jina la kijiji hukutajia jina la mwalimu bila kujua, na kwa jina hilo shule hupatikana.

Wakati huohuo mhusishe afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Huwezi kumlaza kanisani au nyumbani kwako kwa sababu tu una huruma, wala kumsafirisha kimyakimya. Akihitaji pa kulala, apelekwe kwenye makao yenye leseni. Ukigundua anaumizwa au anatumiwa kingono, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, siku hiyohiyo. Anayevuta gundi asisafirishwe katika siku za mwanzo za kuacha: anaweza kuwa na hasira, kuumwa kichwa na kukosa usingizi, na nyumbani watasema amerudi na wazimu.

Halafu mtangulie. Watu wawili waende kijijini bila yeye, waanzie kwa mtendaji wa kijiji, ndipo wafike nyumbani. Angalieni atalala wapi, nani anapika, nani ananyamaza baba akizungumza. Pengine pa kurudi si kwa baba bali kwa bibi au mjomba, na hilo lisemwe wazi mbele ya wote. Mpigieni kijana simu mkiwa hapohapo ili amsikie mama kwa masikio yake. Akikataa kurudi, msimlazimishe. Wa miaka 16 au 17 mara nyingi anafaa zaidi kuunganishwa na fundi kwa mkataba wa maandishi, kama padri Yohane Bosco alivyofanya kwa vijana wa Turin, Italia, miaka ya 1850.

Mkimpeleka, zawadi zinahitaji busara. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 yupo katika kila nyumba, amegoma kuingia ndani. Kijana akishuka na begi jipya na viatu huku wadogo zake wako pekupeku, mmempandia uadui. Nunueni kwanza vya nyumba nzima: mchele, maharage, sabuni, mafuta. Kwake yeye godoro na shuka, kwa kuwa asiye na pa kulala hujiona mgeni. Shule haina ada tangu 2016, lakini sare, madaftari na michango vipo. Lipieni mkononi mwa mwalimu mkuu na mchukue risiti.

Baadhi ya vijana hawa ni Waislamu. Sala isiwe bei ya chakula, na mtoto asibatizwe bila mzazi kujua. Injili wataisoma katika kuja kwenu siku mliyosema mtakuja.

Sasa hesabu. Ziara ya kutangulia ni tiketi 4. Kumpeleka, yeye na wawili wenu, ni 3 za kwenda na 2 za kurudi. Ziara za mwezi wa kwanza na wa tatu, mtu mmoja kila safari, ni 4 nyingine. Jumla tiketi 13 kwa kijana mmoja, kabla ya godoro. Kanisa lenye fedha za tiketi 26 lichukue vijana wawili, si ishirini na sita.

Katikati ya ziara hizo, pigeni simu kila wiki, na mwombeni mchungaji au katekista wa jirani apite, hasa wakati wa njaa kabla ya mavuno na shule zinapofunguliwa, maana hapo ndipo ugomvi wa nyumbani hurudi. Akionekana tena Mbezi, msimfokee wala msimuulize kwa nini ametuangusha. Mpeni chai, muulizeni ilikuwa siku gani na nani alisema nini, kisha mpigieni simu bibi yake.