Anza na uzi, si na picha: kufuma na kushona nyumbani Lubumbashi

Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza kufuma huja na simu mkononi. Ndani ya simu mna picha: sweta pana ya mikono mirefu, gauni la kroshe la kuvaa ufukweni, kitanda kizima kimefunikwa maua ya uzi. "Mama, hii tutaweza?" Tutaweza. Ila uzi ule wa kwenye picha haupo soko la Kenya (Kenya ya kwetu, komuni ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), na ukienda soko la Mzee, mwenye meza atakupa unaofanana nao kwa rangi tu. Unene mwingine, uzito mwingine, na nguo itatoka nyingine.

Ndiyo maana ninawaambia wadogo zangu wafanye kinyume. Tafuta uzi kwanza, ushike, uuchunguze, ndipo uamue unataka kuwa nini. Wengi hawalipendi shauri hili kwa sababu picha ni tamu kuliko peloti (donge la uzi). Lakini mbunifu wa nyumbani, asiye na duka la uzi mtaani kwake, hana njia nyingine ya kutoa kitu kizuri bila kumaliza pesa.

Uzi unaopatikana kwetu kwa wingi ni akriliki. Pamba ipo kidogo, sufu halisi ni bahati. Karatasi ya peloti ikiwa imepotea, au muuzaji anaapa kwamba ni sufu, omba kipande cha urefu wa kidole, kibane kwa koleo au kibanio, ukichome juu ya beseni lenye maji. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi, na majivu yake ni laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na ukiiondoa motoni mara nyingi huzimika yenyewe. Akriliki huyeyuka, na ikipoa inabaki punje nyeusi ngumu. Simaanishi akriliki ni mbaya. Triko (sweta) ya mtoto inayofuliwa kila siku naifuma kwa akriliki bila wasiwasi. Ubaya wake ni pasi. Pasi ya makala (makaa) ikiigusa, uzi unalegea, unang'aa, na haurudi tena ulivyokuwa. Pamba ni nzito na huvutika kwenda chini, kwa hiyo iweke kwa blauzi za joto la Oktoba, vitambaa vya meza na mikoba.

Peloti zikiwa na karatasi, soma namba ya mkupuo wa kutia rangi (bain au lot), si namba ya rangi yenyewe. Peloti mbili za "bluu ileile" zenye namba tofauti zilitiwa rangi siku tofauti, na mgongoni mwa mtu juani tofauti hiyo itaonekana. Nunua zote kwa siku moja. Kama zimepatikana mbili tu za namba ileile na unahitaji nne, huo si msiba, ni ubunifu unaanza: badilisha rangi makusudi kwenye mikono au kiunoni, watu waone umetaka.

Sasa nizungumzie mitumba, maana hapo ndipo penye uzi mzuri kuliko meza zote za sokoni. Sweta kuukuu ya sufu au pamba, ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu ya kola yake ya kizee, ni peloti kadhaa zilizojificha. Lakini si kila sweta hufumuka. Igeuze ndani, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa na kingo zake zimezungushiwa nyuzi za ovaloki, iache. Kila safu imeshakatwa, utapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Ukiona kingo mbili nzima, hazijakatwa, zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, hiyo ichukue. Epuka pia iliyoshikana kwa kufuliwa na maji ya moto, na zile zenye manyoya marefu, utalia.

Nyumbani, fungua mishono kwa mkasi mdogo wenye ncha, ukate uzi wa mshono tu. Tenganisha mikono, mbele na nyuma. Kisha fumua kuanzia juu, mabegani na shingoni, kwa sababu sweta nyingi zilifumwa kutoka chini kwenda juu na uzi hukubali kurudi njia uliyokuja nayo. Zungushia uzi mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne usichanganyike, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, uning'inize kivulini na kitu chepesi chini yake. Sufu itanyooka vizuri. Akriliki itabaki na mawimbi kidogo, na ikishafumwa upya hayasumbui. Uzi wa sweta za kiwandani ni mwembamba, kwa hiyo shika nyuzi mbili au tatu pamoja. Hapo unaweza hata kuchanganya kijivu na kahawia ukapata rangi ambayo haiuzwi popote.

Ukishakuwa na uzi, kuna kazi moja ambayo kila mtu anataka kuiruka: kipande cha majaribio. Mama yangu hakuwahi kukiruka, naye alifundishwa na bibi, na bibi alifundishwa kufuma na kushona kwenye foyer social (kituo cha kufundisha wanawake) ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, zamani mji huu bado ukiitwa Élisabethville. Kule walifundishwa mambo mengi ambayo hakuna aliyeuliza kama wanayataka, lakini hesabu ya vitanzi walitoka nayo, na ndiyo inayonilisha.

Fuma mraba wa sm 15. Ufue na kuukausha jinsi nguo yenyewe itakavyofuliwa. Kisha pima sm 10 za katikati, si za pembeni ambako vitanzi hulegea, uhesabu vitanzi na safu. Tuseme umepata vitanzi 20. Mtoto ana kifua cha sm 56, unamwongezea sm 8 apate kupumua na kuvaa shati ndani: sm 64, yaani vitanzi 128, mbele 64 na nyuma 64. Sasa tuseme hukupima, ukafuata vitanzi 128 vya mfano uliouona mahali, na mkono wako ni mlegevu, unatoa vitanzi 18 kwa sm 10. Sweta ileile itafika sm 71. Vitanzi viwili tu vya tofauti, na mtoto amepotea ndani ya nguo. Badilisha sindano, chukua nyembamba zaidi, ufume kipande kingine. Usijaribu kukaza mkono kwa nguvu. Utakaza siku ya kwanza, siku ya tatu umesahau.

Kipande hichohicho kitakuambia pia ununue uzi kiasi gani. Kipime kwenye mizani ndogo ya gramu. Mraba wa sm 15 kwa 15 ni sm za mraba 225. Sweta ya mtoto wetu, mwili na mikono pamoja, inakaribia sm za mraba 3,600, yaani vipande 16 kama hicho. Kikiwa na gramu 12, unahitaji gramu 192. Peloti mbili za gramu 100 zinatosha kwa shida, kwa hiyo nunua tatu. Inayobaki itafuma kofia.

Na kofia ndiyo ningeshauri mtu aanze nayo, kwa kroshe, kabla ya kugusa sweta. Kichwa cha mtoto mchanga huzunguka sm 35 hivi, cha miezi sita karibu sm 43. Toa sm 2, kwa sababu kofia huvutika, kisha gawanya kwa 3.14. Kwa mtoto wa miezi sita ni 41 gawanya kwa 3.14, yaani sm 13. Anza na duara la bridi (vitanzi virefu vya kroshe) 12, na kila mzunguko ongeza 12: wa pili 24, wa tatu 36, uendelee hivyo hadi duara lako, likilazwa mezani, lifike upana wa sm 13. Acha kuongeza. Endelea kuzunguka bila nyongeza na kofia itashuka yenyewe. Duara likijikunja kama bakuli kabla ya wakati wake, nyongeza ni chache kwa uzi huo. Likifanya mawimbi, ni nyingi. Ukiielewa hesabu hii huhitaji tena mfano wa mtu, uwe wa Kifaransa au wa Kiingereza.

Kitenge nacho nakitendea hivyohivyo, kinasema kwanza. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Kiloweke kwenye maji baridi na kukikausha kabla hujakigusa kwa mkasi, kwa sababu pamba hurudi, na ni afadhali irudi ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa gauni la mteja. (Kutia chumvi ili rangi isitoke? Watu wanapenda sana kufanya hivyo. Haishiki rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi.) Kisha kitandaze chini chote, usimame juu ya kiti, ukitazame. Maua madogo yaliyosambaa yanavumilia mkato wowote, marinda, vipande vingi. Ndege mkubwa au duara kubwa halivumilii: linataka gauni la mikato michache, na wewe ndiye unayeamua litakaa kifuani, mgongoni au chini kwenye pindo. Angalia pia kama ndege wote wanatazama juu. Wakitazama upande mmoja huwezi kugeuza vipande ili kubana kitambaa, na hesabu yako ya mita inaongezeka.

Kuhusu mashini sitasema mengi. Ya kukanyaga kwa miguu inatosha, na umeme ukikatika haikuulizi kitu. Kwa kitenge tumia sindano iliyoandikwa 90/14, uibadilishe mapema. Sindano butu hutoboa kwa kelele na kuruka mishono. Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Uzi ukijikusanya na kufanya kiota chini ya kitambaa, kosa karibu daima liko juu: inua mguu wa mashini, toa uzi wa juu wote, uupitishe upya kuanzia mwanzo.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile inayokutanisha vitu hivi viwili: mkoba wa kroshe wenye kitenge ndani. Mkoba wa kroshe mtupu ukiwekewa unga wa bukari (ugali) kilo mbili unarefuka hadi magotini. Ushonee mfuko wa kitenge ndani, na mfuko huo uwe mfupi kuliko mkoba kwa sm 1 au 2, ili uzito ubebwe na kitambaa na siyo na vitanzi. Mishikio ishonewe ikipita kwenye kitenge. Mabaki ya vitenge yapo kwa kila fundi, na mengi yanatupwa tu.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, vumbi letu jekundu linaingia hata penye mlango uliofungwa, na uzi mweupe hulinywa. Peloti ikae ndani ya mfuko, uzi utoke kwa tundu dogo. Usifume karibu na mbabula (jiko la makala), moshi wa makala hautoki kwa kufua mara moja. Nyeusi na bluu nzito zifumwe mchana. Usiku, na taa ya simu, fuma rangi za mwanga.

Majira yanahitaji akili kidogo. Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya digrii 10 na kila mtu anakumbuka triko siku moja. Ukianza hapo umechelewa. Anza Februari au Machi. Lakini wakati huohuo mafundi wote wanashona vitenge vya Machi 8, Siku ya Wanawake, basi ukiwa peke yako nyumbani chagua moja. Mimi huchagua triko, wengine wapiganie vitenge.

Bei ndipo wanawake wengi wanapojiumiza. Usishindane na sweta ya mtu mzima ya mitumba, huwezi. Fuma kile ambacho mitumba haina: seti ya mtoto mchanga ya rangi aliyoitaka mama, triko ya mtoto mwenye mikono mirefu, kofia inayolingana na blanketi. Kwa vipande vichache vya kwanza vya aina moja, andika saa ya kuanza na ya kuacha kila unaposhika kazi. Wengi hushtuka wakijumlisha. Bei ni uzi, vifungo, na hizo saa. Mteja atasema, "Mama, unipunguzieko kidogo," na unaweza kupunguza, lakini sasa unajua unapunguza nini. Chukua avansi (malipo ya awali) isiyopungua gharama ya uzi wote kabla ya kwenda sokoni.

Akileta uzi wake mwenyewe, uchome kipande mbele yake, uupime kwenye mizani, muandike uzito huo, wewe na yeye. Mwonyeshe kipande cha majaribio na hesabu ya gramu. Ukibaki unamrudishia, ukipungua katikati, ni yeye atakayetafuta mwingine wa namba ileile, na hilo mkubaliane kabla hujafunga kitanzi cha kwanza.