Kusuka upya tovuti ya kampuni: jua kwanza ya zamani inafanya kazi gani

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: uanzie wapi kusuka upya tovuti ya kampuni ambayo bosi wako anasema imepitwa na wakati, na kama wiki nne alizoahidi fundi zinatosha. Nimesimamia kazi hii kwenye kampuni zaidi ya moja, kila mara nikiwa mteja anayelipa, si fundi, kwa hiyo sitaingia sana kwenye mambo ya msimbo wa programu (code).

Wiki nne zinamtosha fundi, wewe hazikutoshi. Kuchora muonekano na kuujenga kunaweza kuisha ndani ya muda huo. Kazi hukwama kwenye maandishi na picha, na hayo karibu kila mara ni jukumu la mteja. Fundi anakaa na kurasa zilizojaa maneno ya kuzibia nafasi, wewe unamkimbiza meneja wa mauzo akupe maelezo ya huduma, naye anakujibu "tumia tu yale ya zamani". Kabla hujasaini kitu, andika nani anaandaa ukurasa upi na anaukabidhi tarehe gani. Kama hamna mwandishi, tafuteni wa kulipwa na gharama yake iingie kwenye bajeti mapema.

Sasa hilo la "imepitwa na wakati". Kwa heshima zote kwa bosi wako, hiyo si sababu ya kutosha. Muulize anataka nini kiongezeke au kipungue: simu za wateja wapya, oda, maombi ya bei, au maswali yaleyale yanayowachosha wafanyakazi. Kampuni moja niliyofanyia kazi, dada wa mapokezi alikuwa na daftari la maswali ya wanaopiga simu. Nusu ya ukurasa mmoja ilikuwa ni swali lilelile limeandikwa kwa mikono tofauti: nikitaka kurudisha bidhaa yenye hitilafu nafanyaje? Jibu lilikuwepo kwenye tovuti, ila ndani ya faili la PDF, chini ya menyu iliyoitwa "Nyaraka". Lile daftari lilitusaidia kuliko vikao vyote vya kujadili rangi. Nenda kwa watu wa simu na wa kaunta kabla hujaenda kwa msanifu.

Kinachofuata ndicho watu wengi wanakiruka, nami nitakaa hapo kidogo. Orodhesha kila ukurasa uliopo kwenye tovuti ya sasa, na anwani yake kamili. Usitegemee menyu, maana kuna kurasa zisizoonekana kwenye menyu lakini Google inazijua. Programu ya Screaming Frog inafuata viungo vya tovuti na kukusanya anwani yenyewe, na toleo lake la bure linafika anwani 500, ambazo kwa tovuti nyingi za biashara zinatosha. Halafu ingia Google Search Console, huduma ya Google inayoonyesha tovuti yenu inavyopatikana kwenye utafutaji, pakua takwimu za mibofyo kwa kila ukurasa. Inatunza data ya miezi 16, kwa hiyo utaona hata misimu ya biashara yenu. Weka vyote kwenye jedwali moja la Excel: anwani ya zamani, mibofyo, uamuzi (ubaki, uunganishwe, ufutwe), anwani mpya.

Jedwali hilo litakushangaza. Mahali fulani palikuwa na ukurasa wa vipimo vya bidhaa, jedwali la kijivu lisilo na picha hata moja, msanifu alitaka kuutupa kwa sababu "unaharibu muonekano". Kumbe ndio uliokuwa unaingiza wageni wengi kutoka Google kuliko hata ukurasa wa mbele. Tuliubakisha, ukapambwa kidogo, anwani yake haikuguswa.

Na hiyo ndiyo kanuni yangu kuhusu anwani: isiyo na sababu ya kubadilika isibadilike. Ikilazimika, fundi aweke uelekezaji wa kudumu, yaani 301, kutoka anwani ya zamani kwenda kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo. Asikuwekee 302, hiyo ni ya muda. Na asielekeze kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele ili amalize haraka, kwani Google inaweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana, na mteja aliyehifadhi kiungo chake anaishia kutua mahali asipopajua. Google wenyewe wanashauri uelekezaji ubaki angalau mwaka mmoja. Mimi nasema usiuondoe kabisa, hauli kitu.

Usidhani haya ni matatizo ya wadogo. Marks & Spencer, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, ilizindua tovuti mpya Februari 2014 ilipohama kutoka kwenye mfumo wa Amazon. Wateja waliokuwa na akaunti ikabidi wajisajili upya, na katika robo ya kwanza ya mwaka wao wa fedha uliofuata mauzo ya mtandaoni yakashuka kwa asilimia 8.1. Kama tovuti yenu ina akaunti za wateja, uliza mapema zinahamaje.

Umiliki. Hakikisha leo, si wiki ijayo, jina la kikoa, yaani anwani kuu ya tovuti yenu, limesajiliwa kwa kampuni na si kwa fundi wa zamani, na barua pepe ya usajili ni ya ofisi, si ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Kwenye mkataba mpya iandikwe kwamba msimbo, picha, na nywila zote ni za kampuni malipo yakikamilika. Fundi akianza kuzunguka kwenye hili, tafuta mwingine.

Pia mpeni mtu mmoja mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Kila mkurugenzi akituma maoni yake kwa fundi kupitia WhatsApp, mtabadilisha rangi ya kitufe mpaka mchoke. Maoni yakusanywe, yapitie kwa huyo mmoja, yaende kwa maandishi. Wazo jipya likija katikati, na litakuja, liingie kwenye orodha ya awamu ya pili. (Zile picha kubwa zinazojigeuza zenyewe juu ya ukurasa wa mbele ni vita utakayopigana na kila bosi. Mimi nazipinga kila mara: zinachelewesha ukurasa, na watu wanapita bila kuzitazama.)

Kuhusu muonekano sina mengi. Mwambie msanifu akuonyeshe toleo la simu kwanza, kwa sababu Google nayo inasoma toleo la simu ndipo ipange matokeo. Kipimo chao cha kasi nzuri ni kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha za moja kwa moja kutoka kwenye kamera hazitakufikisha hapo, zipunguzwe.

Siku ya kuzindua isiwe Ijumaa. Kikiharibika kitu jioni hiyo, utatafuta watu wikendi nzima. Siku moja au mbili kabla, fundi apunguze TTL, yaani muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya zamani, kwenye rekodi za DNS (zinazoonyesha jina la kikoa linaelekea seva ipi), mfano hadi sekunde 300, ili mkihitaji kurudi nyuma msisubiri sana. Rekodi za barua pepe, zinazoitwa MX, ziangaliwe kwa jicho la pekee. Nimeona tovuti nzuri ikipanda asubuhi na barua pepe za ofisi nzima zikanyamaza, kwa kuwa seva za DNS zilibadilishwa bila rekodi hizo kunakiliwa. Wateja walidhani wanapuuzwa.

Tovuti ikiwa hewani tu, angalia kama ile alama ya noindex iliyowekwa kwenye tovuti ya majaribio imeondolewa. Ikibaki, mnaiambia Google isiwaonyeshe. Kagua na faili la robots.txt, linaloiambia Google isipite wapi, kwa sababu hiyohiyo. Kisha jaza kila fomu kwa mkono wako, kwa simu, na uende kwa anayepaswa kupokea ujumbe umuulize kama umeuona. "Ujumbe wako umetumwa" kwenye skrini haithibitishi kitu.

Wiki chache za mwanzo wageni kutoka Google wanaweza kuyumba, hiyo ni kawaida anwani zikibadilika. Isiyo ya kawaida ni ukurasa mmoja uliokuwa unaongoza kuanguka ghafla, hapo rudi kwenye jedwali lako uone ulielekezwa wapi. Ripoti ya kurasa zisizopatikana kwenye Search Console iangalie kila siku mwanzoni. Malipo ya mwisho ya fundi yasitoke siku ya uzinduzi, yasubiri mwezi mmoja wa marekebisho, na hilo liwemo kwenye mkataba. Tovuti ya zamani nayo msiifute. Pigeni nakala ya faili na hifadhidata yake, kaeni nayo pembeni, kwa sababu miezi mitatu baadaye kuna mtu wa uhasibu atakuja kuulizia hati ambayo hakuna aliyekumbuka kuihamisha.